Hakuniuliza Volti

Mchungaji alipouliza kama kuna mtu aliyefanya kazi na marehemu ambaye angependa kusema neno, watu wa Mwandoya waligeuka wakanitazama mimi. Sikuinuka. Nilikaa palepale kwenye mkeka pamoja na akina mama wenzangu, mikono juu ya magoti, hadi mchungaji akachoka kungoja na kwaya ikaanza kuimba. Baadaye, tulipokuwa tunakula, binti wa marehemu Maduhu alikuja akapiga goti mbele yangu. "Mwadila, mayu," alinisalimu, kisha akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Baba alikuwa akisema wewe na yeye ndio mafundi wa kwanza wa muziki Bariadi. Tulidhani ungesema neno." Nikamwambia koo lilikuwa linaniuma. Binti hana kosa, na wali wake ulikuwa mzuri, nikaumaliza. Lakini nilipopanda gari kurudi nyumbani nilijua kwamba koo langu lilikuwa zima kabisa. Watu husema msiba unafuta. Labda unafuta kwa wengine. Maduhu ndiye aliyenifundisha kushika pasi ya kulehemu, na ndiye mtu niliyemchukia kuliko wote maishani mwangu, na kumwona akishushwa kaburini hakukupunguza hata chembe. Habari za kwetu, na jinsi nilivyofika Bariadi, sitazigusa hapa. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kwetu na malori yao.

Chumba cha Maduhu kilikuwa nyuma ya baa. Kilikuwa chumba cha matofali mabichi, dirisha moja dogo, na ndani yake redio mbovu zilipangwa hadi karibu na dari, nyingine zikiwa zimefungwa kwa kamba kama kuku wa kupeleka mnadani. Kulinuka risasi iliyoyeyushwa, vumbi na bia. Umeme tuliupata kwa mwenye baa, ambaye mchana aliwasha jenereta ili kupoza vinywaji, kwa hiyo saa zetu za kazi zilikuwa saa za walevi wa mchana, na ukuta ulikuwa mwembamba. Kazi ikiwa imetulia tuliwasikiliza. Walizungumzia soko huria kama watu wanaozungumzia mgeni ambaye hawajamwona uso. Mmoja alisema sasa mkulima atauza pamba kwa amtakaye. Mwingine akamjibu kwamba fisi wakiwa wengi mbuzi hafaidiki. Mimi na Maduhu tulicheka kimya kimya, vichwa vyetu vikiwa karibu kugusana juu ya redio moja. Chakula chetu kilikuwa matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu yaliyochemshwa, tuliyoyanunua kwa Mama Sayi aliyepika ng'ambo ya barabara, na siku nzuri tulipata na maziwa mgando. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikuwa mke wa mtu, na hapakuwa na msichana mwingine Bariadi aliyekuwa akifungua redio. Maduhu hakunionea haya. Alikuwa mcheshi, mwenye mikono myepesi na meno meupe, na alinifundisha kila alichojua bila kuficha. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba sikumchukia kwa mazoea.

Kulikuwa na amplifaya moja, mashine ya kukuza sauti, tuliyoitengeneza mimi na yeye. Wakati huo zile ndogo za transista zilizoletwa na wachuuzi kutoka Mwanza zilikuwa zinakufa ovyo kwa sababu ya jenereta za kwetu, ambazo umeme wake uliruka kama swala. Valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani, zilivumilia. Maduhu alizipata kubwa kwenye gari la zamani la sinema lililokuwa limekufa na kuota majani ndani, akazipata pamoja na transfoma yake, nasi tukaamua kujenga kitu ambacho kingesikika soko zima. Mimi nilikunja bati la alumini tukapata fremu ya kukalia mitambo, yeye akafunga transfoma. Tulipofika katikati, pale valvu ndogo inapoikabidhi sauti kwa valvu kubwa, ndipo tulipokwama. Mahali pale hukaa kapasita, sisi tukiiita kondensa. Kazi yake ni kuiruhusu sauti ipite na kuuzuia ule umeme mkali wa valvu ya kwanza usiifikie ya pili. Ukiweka kondensa kubwa, besi hupita nyingi. Ukiweka ndogo, besi hubaki nyuma.

Kila fundi kijana anataka besi. Tulianza na kubwa, na spika yetu ya honi, ambayo mdomo wake mpana umeumbwa kwa ajili ya sauti ya mtu na si kwa ajili ya ngoma, ikakoroma tu. Jenereta ya baa ilipoyumba, muziki wote uliyumba nayo, ukapanda na kushuka, halafu ukawa unadunda wenyewe kama pikipiki inayokataa kuwaka. Tukaweka ndogo kabisa, sauti ikawa ya nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Basi tukawa tunabadilisha. Mimi nilikaa ndani, nikiitoa moja na kuichomelea nyingine, na Maduhu alitembea na barabara hadi kwenye mashine ya kusaga, akasimama pale akisikiliza. Mkono ukiwa juu, nzuri; mkono ukiwa chini, mbaya. Nilimwona dirishani, mdogo kwa umbali, akishusha mkono tena na tena. Ilituchukua muda mrefu. Hatimaye nikaacha kubahatisha, nikaanza kufikiri: honi haiwezi besi, kwa nini tuilishe kisichomezeka, kinachokula nguvu ya transfoma bure? Nikachagua ya katikati, iliyoegemea udogo, ya volti nyingi, tuliyoing'oa kwenye lile gari la sinema. Nikashika maikrofoni nikasema, "Mwangaluka, Maduhu, umekula?" Kule kwenye mashine ya kusaga mikono yote miwili ikapanda juu. Alirudi akikimbia. "Kabula," aliniambia, "nimesikia mpaka pumzi yako."

Sijawahi kusifiwa hivyo tena na mtu yeyote.

Mnunuzi wa pamba alikuja msimu ulipokaribia. Watu walimwita Bosi tu, na mimi jina lake jingine sikulijali. Alikuwa amesikia kwamba kuna vijana wenye muziki, naye alitaka muziki wa kukaa mlangoni pake kule Kasoli, wakulima wauone uzito wake kabla hawajauona mzani. Maduhu aliniomba siku hiyo tubadilishane nafasi. "Acha mimi nikae kwenye amplifaya, Bosi azungumze na mwanamume mwenzake," alisema. "Wewe nenda ukasikilize kule." Sikuona ubaya. Nilitembea hadi kwenye mashine ya kusaga, nikasimama na wanawake waliokuwa na madebe yao ya mahindi, na honi juu ya paa la baa ilikuwa inapiga muziki wa kanda, safi kabisa. Kisha kanda ikaisha. Maikrofoni ilikuwa bado imewashwa, na Maduhu hakujua, au alisahau.

Kwanza tulisikia kiti kikiburutwa. Halafu sauti ya Bosi: "Na yule binti niliyemkuta hapa juzi, naye ni fundi?" Nilitabasamu, nakumbuka. Kisha sauti ya Maduhu, safi, kila silabi imesimama peke yake, ikashuka juu ya barabara nzima: "Nani, Kabula? Hapana, bwana. Yule ni wa kuchemsha chai. Chai na mengine, unaelewa mwenyewe." Bosi akacheka. Maduhu naye akacheka, kile kicheko nilichokijua. "Sasa mashine yote hii umeitengeneza peke yako?" "Peke yangu. Mikono hii." Mmoja wa wale wanawake wenye madebe, mama mzima niliyekuwa namwamkia kila asubuhi, alisogeza debe lake mbali na mguu wangu, kidogo tu, kana kwamba ningelichafua. Mbele ya baa watu walikuwa wamesimama wakitazama honi, kisha wakaanza kunitafuta kwa macho.

Nimeishi na sauti ile miaka yote hii, na kinachonikera mpaka leo ni uzuri wake. Kama tungekuwa tumeacha kondensa kubwa, maneno yangekorogeka, watu wangesikia mkoromo na vicheko, wangeenda zao. Ni mimi niliyechagua kondensa iliyolifanya kila neno lifike. Nilirudi chumbani. Bosi alikuwa ameondoka. Maduhu aliponiona alijua, maana mtu mmoja wa baa alikuwa amekwisha kumwambia, na alikuwa anaizungusha maikrofoni mikononi. "Kabula, yale ni maneno ya kutafutia kazi," alisema. "Angejua ni msichana asingetuamini. Tukipata kazi tunapata wote." Nikamwambia awashe tena maikrofoni, aseme ukweli. Alitazama chini. "Watu watanicheka," alisema. Nikachukua pasi yangu ya kulehemu na koleo, vitu ambavyo vilikuwa vyangu hasa, nikatoka. Hakunifuata. Kabla ya wiki kwisha jina langu lilikuwa limefika hata Mwamapalala, na wazee wa kanisa walikuwa wamenitoa kwenye kwaya bila kuniuliza swali hata moja.

Mama Sayi alinichukua. Hakunipa pole, hakunipa mawaidha. Alinionyesha chumba cha nyuma, palipokuwa na magunia ya mkaa na redio ya kabati ya marehemu mumewe, akasema, "Ng'wanike, ile haijasema tangu mwenyewe azikwe. Ukiweza kuifanyia kitu, fanya." Asubuhi nilimsaidia kukata nsansa, mboga yetu ya majani, na kusonga ugali, mchana nilifungua ile redio. Wateja wake walinijua, na wengine walipenda kuagiza chai kwa sauti kubwa, wakisisitiza neno chai. Nilikuwa nawapelekea. Nilijifunza kuweka kikombe mezani bila kukitikisa. Mama Sayi alikuwa akinitazama kutoka jikoni na siku moja aliniuliza, "Unafikiria nini ukiweka vikombe hivyo?" Nikamwambia, "Namfikiria Maduhu." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei anayoiona ni ya haki, akaendelea kukoroga.

Amplifaya yangu ya pili ilikuwa dhaifu. Redio ya kabati haina valvu za gari la sinema, na nilijua siwezi kushindana kwa nguvu. Lakini sasa nilijua la kufanya pale katikati. Niliweka kondensa ndogo zaidi kuliko ile ya kwanza, nikaitoa besi yote, nikampa mwanadamu nafasi yote. Karani wa chama cha ushirika wa Kasoli, ambaye alikuwa anawaona wakulima wakivutwa na wanunuzi wapya, alikubali niiweke kwenye ghala lao. Hivyo msimu ulipofunguliwa nilikuwa Kasoli, upande mmoja wa uwanja, na Maduhu alikuwa upande wa pili, kwenye kivuli cha lori la Bosi, na kati yetu mikokoteni ya ng'ombe iliyojaa pamba hadi magurudumu yakalia. Mama Sayi alihamisha vyungu vyake kuja kupika huko, kama alivyofanya kila msimu.

Mwanzoni Maduhu alinifunika. Yake ilikuwa na nguvu, na watu walimfuata. Lakini walipotaka kujua nini kinaendelea, mzani upi umefunguliwa, gari gani limefika, mtoto wa nani amepotea, walikuja kusimama kwangu, kwa sababu kwangu walisikia. Wazee hasa. Bosi aliliona hilo likamkera. Nilimsikia mwenyewe akimfokea Maduhu mbele ya vibarua: "Hii yako inapiga kelele kama ile ya ushirika, tofauti ni ukubwa tu. Mimi nataka ngoma impige mtu tumboni. Mtu akifika hapa acheze. Hujui kuongeza besi?" Maduhu akasema anajua.

Mchana wa siku iliyofuata alikuja kwa Mama Sayi. Nilikuwa nakula ugali na mlenda, peke yangu, kwenye benchi. Alisimama kwanza, akiwa na kondensa mkononi, nyeusi, nene, ya volti chache, aliyoitoa kwenye redio ya transista. Niliitambua kabla hajafungua kiganja. Kwenye transista kondensa za namna ile zinafanya kazi miaka na miaka, kwa sababu umeme wake ni wa betri. Kwenye valvu, umeme unaoweza kumrusha mtu ukutani, kondensa ile ingezuia kwa muda, kisha ingeanza kuvuja. Na ikivuja, umeme wote uliokuwa unazuiwa unaingia kwenye valvu kubwa, nayo inaachia kila ilicho nacho hadi iungue. Maduhu alikuwa fundi mzuri wa mikono. Lakini kondensa ile ya kwanza, na kwa nini iwe ile, alikuwa ameisimamia kwa mbali, kwenye mashine ya kusaga, akipandisha na kushusha mkono.

"Mwadila, Kabula," alisema.

"Mwadila."

Alikaa mwisho wa benchi. "Bosi ananisumbua. Anataka besi." Akafungua kiganja. "Pale katikati, nikitoa ile yetu nikaweka hii, besi itaongezeka?"

Alisema yetu. Hapakuwa na mtu karibu wa kumsikia, kwa hiyo alisema yetu. Nilimega tonge, nikalichovya kwenye mlenda, nikala, nikameza. Mama Sayi alikuwa ameacha kukoroga. Ningeweza kumwambia. Sentensi moja ingetosha, na alikuwa amenisogelea mwenyewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka. Lakini yeye naye alikuwa na maikrofoni mkononi mwake siku ile, na sentensi moja ingetosha.

"Itaongezeka," nilimwambia.

"Kweli?"

"Itaongezeka sana."

Sikumdanganya. Aliniuliza besi, nikamjibu besi. Hakuniuliza volti. Alinishukuru, akanigusa bega, akaondoka akivuka uwanja kati ya mikokoteni, na mimi nikamalizia chakula changu. Mama Sayi akaniletea maji ya kunawa. Hakuniuliza kitu.

Jioni, jua likiwa bado liko juu ya maghala, ngoma ilianza kutoka upande wa Bosi, na kwa kweli ilipiga tumboni. Honi ilikoroma, lakini nani alijali. Vijana waliacha pamba zao wakaanza kucheza, Bosi akasimama juu ya lori akipiga makofi. Nikazima yangu, ili nisikie vizuri. Muziki ulianza kuwa mzito. Kisha ukawa kama unatoka ndani ya gunia. Nilisogea hadi nikaona valvu kubwa, na mabamba ya ndani yake yalikuwa yamekuwa mekundu kama mkaa, na Maduhu alikuwa anamwangalia Bosi, hatazami mashine. Fundi ambaye hatazami mashine yake. Moshi ulipotoka kwenye transfoma ulikuwa na harufu ya lami. Kukatokea mlio mkali, kisha kimya. Vijana wakasimama na miguu hewani. Mtu akasema, "Fundi, weka nyingine," na watu wakacheka, kicheko kirefu cha uwanja mzima, na Maduhu akachomoa waya huku akiungua vidole. Nilirudi kwangu, nikawasha, nikawatangazia wakulima kwamba mzani wa ushirika uko wazi. Kesho yake Bosi alileta fundi mwingine kutoka mjini, akamwambia Maduhu apakie chuma chake.

Msimu ulipokwisha aliniletea ile amplifaya Bariadi, kwenye baiskeli, imefungwa kwa mpira. Hakuwa amegundua chochote. Alidhani kondensa ile ilikuwa mbovu tangu mwanzo. "Itazame, Kabula," aliniomba. "Transfoma imekufa, lakini labda tukisaidiana." Nikamwambia aiache, nitaitazama. Nilipong'oa kila kilichofaa, nikabaki na fremu ile ya alumini niliyoikunja kwa mikono yangu, ikiwa na matundu yake ya mviringo ambamo valvu zilikaa. Nikampelekea mtu anayegonga sufuria karibu na mnada, nikamwambia anachotakiwa kufanya. Alishangaa, lakini akafanya.

Maduhu alirudi kuchukua mashine yake baada ya mvua za kwanza. Nilimkaribisha ndani, nikampa kigoda, nikamwambia chakula kiko tayari, ale kwanza. Alifurahi. Nilimpakulia wali na maharage, akala kama mtu aliyekula vibaya kwa muda mrefu, akasimulia kwamba anafikiria kuhamia Mwandoya, kule hakuna fundi. Aliniambia nimekuwa mtu mwema kwake, kuliko alivyostahili. Kisha akauliza mashine iko wapi. Nilitazama jikoni, naye akafuata macho yangu. Chungu cha wali kilikuwa bado kiko juu ya jiko, na mfuniko wake, uliogongwa vizuri, ulikuwa na matundu manne ya mviringo, mawili makubwa na mawili madogo, na mvuke ulikuwa unatoka kwenye yote manne.

Aliutazama kwa muda mrefu. Kijiko kilikuwa kimesimama kati ya sahani na mdomo wake. Nikaona yote yakimfikia, moja baada ya jingine: bati, kisha kondensa, kisha lile neno langu la kwenye benchi Kasoli.

"Nikuongezee?" nikamuuliza.